Konteri moja, milango sita

Kontra nyingi za nyumba tunazosaini hapa Bukavu zina mstari mmoja mfupi: maji na umeme ni juu ya mpangaji. Mwanafunzi anasoma bei, anasoma garanti, ule mstari anaupita tu. Kwangu ndio mstari mubaya kuliko yote. Haudanganyi: anayewasha taa alipe taa, hiyo ni haki. Lakini hausemi alipe kiasi gani, wala kipimwe na nini.

Tuchukue parsele ya kawaida kule Kadutu ao Ndendere. Milango sita, konteri moja ya SNEL. Faktire inakuja 60.000 FC, kila mlango unatoa 10.000. Wewe uko na taa moja na chaja ya simu. Jirani ana frigo. Mbele, kwenye barabara, kuna saluni ya kunyoa, nayo inahesabiwa mlango mmoja kama wewe. Na papa mwenye nyumba, anayekaa mule mule kwenye nyumba kubwa? Mara nyingi yeye hahesabiwi kabisa! Hapo haulipi tena umeme wako, unalipa wa wengine.

Wenye nyumba wanasema: tukilipa sisi, watu wataacha resho iwake usiku kucha. (Siku kuran ikiwepo, lakini.) Nakubali, wana haki. Ndiyo maana siwaombi walipe matumizi yetu. Walipe kile kinachobaki na nyumba mpangaji akihama: konteri, nyaya, bomba, robine. Na faktire igawanywe kufwatana na vyombo, ao kila mlango upate konteri yake ndogo.

Halafu kuna deni la zamani. Mpangaji wa mbele amehama, REGIDESO inakuja kukata maji, eti mupya ndiye atoe pesa ili yarudi. Hapana. Sheria ya 31 Desemba 2015 inamruhusu mwenye nyumba kushika garanti isiyopita miezi 3 kwa nyumba ya kukaa, na tunajua wengi wanadai zaidi. Ile pesa ilikuwa ya nini, kama si ya kufunika deni la namna hiyo? Kama aliirudisha bila kuangalia faktire, ao aliikula, hilo ni lake.

Basi mbele ya kusaini, omba faktire ya mwisho, na hesabu inayosomeka kwenye konteri siku ya kuingia iandikwe ndani ya kontra. Akikataa kukuonyesha, tafuta nyumba ingine.