Nafsi ya Marehemu: Tanzia na Umiliki wa Sauti katika Repentless ya Slayer

Utangulizi

Tangu Roland Barthes alipotoa insha yake kuhusu kifo cha mtunzi mwaka 1967, wahakiki wengi wameshikilia kwamba maana ya matini haitafutwi katika maisha wala nia ya aliyeiandika, bali katika lugha yenyewe na kwa msomaji. Hoja hiyo ni rahisi kuitetea maadamu mtunzi amekufa kwa istiara tu. Makala hii inaipima katika hali ambapo mtunzi amefariki kweli, ilhali kikundi alichokiasisi kinaendelea kutunga kwa jina lilelile. Matini inayohusika ni Repentless, albamu ya Slayer, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, iliyotolewa Septemba 2015. Tunadai kwamba albamu hii inafaulu pale inapomkopesha marehemu nafsi ya kusema, na inapungukiwa pale inaposahau kwamba marehemu alikuwa na namna yake ya kunyamaza.

Mgawanyo wa kazi ya utunzi

Slayer iliundwa mwaka 1981 katika jimbo la California. Waasisi wake walikuwa wapiga gitaa Kerry King na Jeff Hanneman, mwimbaji na mpiga besi Tom Araya, na mpiga ngoma Dave Lombardo. Hanneman alifariki tarehe 2 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 49. Mwaka uo huo Lombardo naye aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Paul Bostaph, aliyewahi kuipigia bendi hiyo hapo awali. Kwa upande wa gitaa, Gary Holt wa bendi ya Exodus alikuwa akishika nafasi ya Hanneman jukwaani tangu mwaka 2011, Hanneman alipougua mkono.

Ni muhimu kubainisha ni pengo gani hasa lililoachwa. Vidole vya Hanneman vilipata mrithi; Holt ni fundi asiye na shaka. Lakini Holt hakutunga wimbo wowote katika Repentless. Jukumu hilo lilimwangukia King karibu lote. Kilichokosekana, basi, si mpigaji bali ni mtunzi. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatashangazwa na tofauti hii, kwani katika jadi yetu anayetunga na anayeghani si lazima wawe mtu mmoja. Sauti ya mghani yaweza kubaki vilevile, ilhali mkono uliopanga maneno umebadilika.

Nafsineni katika wimbo wa kichwa

Wimbo unaobeba jina la albamu ndio unaostahili kuangaliwa kwanza. King alieleza kwamba aliuandika kwa kujaribu kuutazama ulimwengu kwa macho ya Hanneman. Kwa hiyo tuna nafsi tatu katika utungo mmoja: King anaandika, Hanneman ndiye “mimi” wa wimbo, na Araya ndiye kinywa. Huu ni mpangilio usio wa kawaida katika tanzia. Kwa desturi, mwombolezaji husema kwa nafsi yake. Humwita marehemu, hutaja sifa zake, humtakia rehema na kuwafariji waliosalia. Hapa marehemu haliliwi wala haombewi. Anasimama mwenyewe na kukataa kutubu, kama kichwa cha wimbo kinavyodokeza.

Msomaji anaweza kuona katika hali hii ukavu wa hisia. Sisi tunaona kinyume chake. Kumsifu marehemu kwa maadili ambayo hakuyadai akiwa hai kungekuwa ni kumzika mara ya pili. King amemwachia mwenzake ukaidi wake, na huo ndio uaminifu wa wimbo huu. Aidha, kasi ya muziki inatimiza kazi ambayo katika tanzia nyingine ingetimizwa na kilio.

Mtunzi anayenyamaza

Hata hivyo, albamu ni zaidi ya wimbo mmoja. Ili kuupima upungufu wake, hatuna budi kurejelea “Angel of Death”, wimbo wa Hanneman katika Reign in Blood ya mwaka 1986. Wimbo huo unasimulia ukatili wa daktari Josef Mengele katika kambi ya Auschwitz. Msimulizi hatoi hukumu yoyote, na kwa sababu hiyo wimbo ulizua lawama kali. Jibu la Hanneman lilikuwa kwamba uovu wa mtu huyo ulijidhihirisha bila kuhitaji kutajwa. Hii ni mbinu ya kisanaa yenye hatari: humtwisha msikilizaji mzigo wa kuhukumu, na humnyima faraja ya kuhukumiwa kwa niaba yake.

Mbinu ya King ni tofauti. Katika sehemu kubwa ya Repentless, nafsineni hushutumu waziwazi: dini, jamii, unafiki wa binadamu. Hasira yake ni ya kweli, lakini humaliza kila kitu, wala haimwachii msikilizaji kazi ya kufanya. Ni katika “When the Stillness Comes” tu, kwa mwanzo wake wa polepole, ambapo King anaikaribia mbinu ya kutisha kwa utulivu. Kisha upo “Piano Wire”, utungo wa Hanneman uliosalia kutoka kipindi cha kurekodi World Painted Blood ya mwaka 2009. Kuwekwa kwake miongoni mwa nyimbo za King ni heshima. Lakini pia ni kipimo, kwani kunaonyesha kwamba hapo zamani Slayer ilikuwa mabishano ya watunzi wawili, na sasa imekuwa hotuba ya mmoja.

Hitimisho

Si haki kudai kwamba King alighushi sauti isiyo yake. Nusu ya sauti hiyo ilikuwa yake tangu mwanzo. Lakini nadharia ya Barthes inahitaji kuongezewa sharti. Mtunzi akiondolewa katika matini iliyokwisha kuandikwa, matini husimama. Akiondolewa katika matini inayoendelea kuandikwa, jina hubaki na mabishano yake hukatika. Historia ya baadaye inaelekea kuthibitisha hilo. Bendi ilihitimisha ziara yake ya kuaga Novemba 2019 bila kutoa albamu nyingine baada ya Repentless, na ingawa ilirejea jukwaani mwaka 2024, King alitoa nyimbo zake mpya mwaka huohuo kwa jina lake mwenyewe. Yamkini huo ndio ukiri wa mwisho kwamba jina la zamani lilihitaji wawili.