Mkatiko na Mrejeo: Kuusoma Umeme wa Beetle

Gari la zamani linalozima njiani bila onyo, kisha likakubali kuwaka tena kana kwamba halikuwa na neno, huchukuliwa na wengi kuwa gari lenye tabia mbaya. Hapa ninapendekeza tulisome kama kazi ya fani. Mfano wangu ni Volkswagen Beetle ya mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye betri ya volti 12, ndugu wa ile iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1962. Hoja ninayoitetea ni kwamba mkatiko wa vipindi, yaani umeme unaopotea na kurudi wenyewe, mara chache hukaa katikati ya waya. Makazi yake ni kiungo, na kiungo hakisemi kweli mpaka kibebeshwe mzigo.

Tuanze na mchoro wa saketi, ambao una nidhamu ya kupendeza. Kwa kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, namba 30 ni moto wa kudumu kutoka betri, 15 ni moto unaopatikana ufunguo unapozungushwa, 50 ni amri inayokwenda kwenye stata, na 31 ni ethi. Namba hizo zimechapwa pia kwenye vifaa vingi, hata anayepiga magoti chini ya dashibodi na tochi mdomoni anaweza kulinganisha karatasi na chuma bila kubahatisha. Rangi nazo zinashiriki katika mpango huohuo: nyekundu hubeba 30, nyeusi hubeba 15, kahawia hurudi ethi. Msomaji aliyelelewa na Land Rover za zamani inampasa kuwa mwangalifu, kwa sababu katika utaratibu wa Kiingereza waya wa kahawia ndio wenye moto wa kudumu na mweusi ndio ethi. Anayehamisha mazoea ya gari moja hadi jingine ataunguza kitu.

Muundo huo unatupa swali la kwanza la uhakiki: ni vitu gani vimenyamaza pamoja? Waipa zikigoma huku injini ikiendelea kunguruma, fyuzi ndiyo ya kushukiwa. Taa kubwa zikiwaka vizuri lakini injini imezima, tunaufuata waya mweusi kutoka swichi ya ufunguo hadi kwenye koili, njia ambayo mtengenezaji hakuiwekea fyuzi hata moja. Kwa hiyo anayezikagua fyuzi kwa sababu injini imezima anasoma ukurasa usiohusika. Kuna dokezo jingine, dogo na la thamani kubwa. Gari likishasimama na ufunguo ukiwa bado umewashwa, taa za onyo za chaji na oili zinapaswa kuwaka. Zikiwaka, moto wa 15 unafika kwenye dashibodi, na kosa linatafutwa mbele zaidi, kuelekea koili na distribyuta. Zikibaki giza, moto umepotea kwenye swichi yenyewe au kabla yake. Kila kitu kikinyamaza kwa mpigo mmoja, basi tunarudi kwenye mstari wa 30, vichwa vya betri chini ya kiti cha nyuma, na ethi.

Fyuzi inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kijiti kifupi cha kauri au plastiki chenye ncha mbili zilizochongoka, na ukanda mwembamba wa madini umelazwa mgongoni mwake, wazi, bila kifuniko. Nyeupe huhimili ampea 8, nyekundu 16. Hushikiliwa na ndimi mbili zenye mkazo wa springi, na mguso wote wa umeme hutegemea mkazo huo pamoja na eneo dogo kama kichwa cha pini. Hapo ndipo uzuri na udhaifu wa ubunifu huu vinapokutana: unaweza kuiona fyuzi iliyoungua bila kuichomoa, lakini huwezi kuuona utando wa kutu uliojificha chini ya ncha yake. Katika hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa utando huo huja mapema. Ukiizungusha fyuzi kwa kidole na honi ikarudi, umepata ushahidi, hujapata tiba. Tiba ni kusafisha ndimi, kuzikaza, na kuweka fyuzi mpya.

Lakini sehemu inayosahaulika zaidi ni mrejeo. Saketi ya gari huandikwa nusu tu kwa waya. Nusu ya pili ni bodi lenyewe, linalorudisha umeme kwenye betri. Injini na giaboksi ya Beetle zimening'inizwa kwenye raba, na raba haipitishi umeme, hivyo mtengenezaji aliziunganisha na bodi kwa mkanda bapa wa waya uliosukwa, chini kabisa, mahali pa matope. Mkanda huo ukilika, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine, na mojawapo ni kebo ya ekseleta, ambayo inaweza kupata joto hadi kuharibika. Dereva atalalamikia ekseleta nzito. Sijui mfano bora zaidi wa dalili inayojitokeza mbali hivi na chanzo chake.

Kwa hiyo kipimo kifanywe saketi ikiwa kazini. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita ikiwa hakuna kinachovuta umeme. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kila upande wa kiungo, usome mshuko wa volti: kiungo kizuri kinakaribia sifuri, na kinachopoteza zaidi ya nusu volti hakina utetezi. Beetle za zamani zaidi, za volti 6, ni kali kuliko hizi. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 na taa za jumla ya wati 90. Kwenye volti 12 mkondo ni ampea 7.5 na hasara ni kama asilimia 3. Kwenye volti 6 mkondo ni ampea 15 na hasara hufika asilimia 12.5. Kosa lilelile, madhara mara nne.

Vipindi vyenyewe navyo vinasomeka. Kosa linalokuja baada ya mwendo mrefu na kuondoka gari likipoa linaelekeza kwenye joto. Linaloitikia mashimo ya barabara linaelekeza kwenye kitu kilicholegea. La asubuhi ya mvua ni unyevu.

Ninachokipinga waziwazi ni ule uhariri wa haraka wa kuvuta waya mpya kutoka betri moja kwa moja hadi koili, ukiwa na swichi ya pembeni na mkanda wa gundi. Gari litawaka, ni kweli. Lakini ufunguo hautaweza tena kuzima injini, waya huo hauna fyuzi, na kiungo kibovu kimebaki palepale, kikiendelea kupata joto nyuma ya dashibodi.