Nyumba Iliyotungwa: Makumbusho ya Chopin na Uhakiki wa Mahali pa Kuzaliwa

Nomino makumbusho inatokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni umbo la usababishi la kumbuka. Lugha nyingi za Ulaya, Kipolandi kikiwamo, hukiita kitu hicho kwa jina linalorudi kwenye Wayunani na miungu wao wa kike wa sanaa. Kiswahili hakina makao hayo ya miungu. Kinachodokezwa na umbo lake ni tendo lenye mtendaji na mtendwa. Nani anakumbusha, na nani anakumbushwa? Nilikwenda na maswali hayo Żelazowa Wola, kijiji kilicho kando ya mto Utrata, yapata kilomita 50 magharibi ya Warsaw, alikozaliwa Fryderyk Chopin mwaka 1810.

Hata tarehe ya kuzaliwa ina matini mbili zinazopingana. Daftari la ubatizo la kanisa la Brochów linataja tarehe 22 Februari, ilhali familia ilisherehekea tarehe 1 Machi. Baba, Mfaransa kwa kuzaliwa, alikuwa mwalimu wa watoto wa ukoo wa Skarbek. Mama alikuwa jamaa wa ukoo huo. Hawakuwa wenye shamba. Jumba kuu la Skarbek halipo tena, na nyumba tunayoizuru leo ilikuwa jengo la pembeni tu. Kabla mtoto hajatimiza mwaka, familia ilihamia Warsaw. Alirudi baadaye kutembea, lakini kumbukumbu ya nyumba kama makazi hakuwa nayo. Makumbusho haya, basi, yanatukumbusha jambo ambalo mtunzi mwenyewe hakuweza kulikumbuka.

Hapa neno mtunzi linatufaa kuliko tunavyodhani. Kwetu humtaja mshairi na pia mwenye kubuni muziki, na kutunga ni pia kupitisha shanga uzini. Nyumba ya Żelazowa Wola imetungwa kwa maana hiyo ya pili. Mnara wa ukumbusho ulizinduliwa mwaka 1894, Warsaw ikiwa chini ya Urusi, kwa juhudi za mtunzi Mrusi, Mily Balakirev. Kinaya hicho kinastahili makala yake. Katika miaka ya 1930 nyumba ilikarabatiwa ikapewa sura ya makazi ya bwana wa Kipolandi, na bustani kubwa iliyosanifiwa na Franciszek Krzywda-Polkowski ikaizunguka. Nchi iliyopata tena uhuru wake mwaka 1918 ilihitaji chimbuko lenye hadhi, na jengo la pembeni likapandishwa cheo. Sisemi kwamba huo ni uongo. Nasema ni utungo, nao una waandishi, tarehe na hadhira yake.

Tatizo linaanza pale utungo huo unapogeuzwa kuwa ufafanuzi wa kazi. Mgeni anayetembea chini ya miti ile anaelekea kuamini kwamba mazurka za Chopin zimechipuka katika udongo ule. Ushahidi unaelekeza kwingine. Majira ya kiangazi ya 1824 na 1825, akiwa kijana wa shule, Chopin alikaa Szafarnia, na huko ndiko alikosikiliza kwa makini ngoma na nyimbo za wanakijiji. Barua alizowaandikia wazazi wake mwaka 1824 alizipa umbo la gazeti la mzaha, Kurier Szafarski. Basi shamba lililomwingia masikioni ni lile alilolifikia akiwa mgeni kutoka mjini, mwenye kalamu na dhihaka. Umbali huo, naamini, unasikika ndani ya mazurka zenyewe: ngoma ya kijiji imo, lakini hakuna anayeweza kuicheza.

Ninalieleza hili katika jarida la Kiswahili kwa sababu kosa hili ni letu pia. Tasnifu ngapi zinafungua sura ya kwanza kwa kijiji cha mtunzi, kisha zinakigeuza kijiji hicho kuwa ufunguo wa kila tungo? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, shamba, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Lakini uimbaji wake wa taarabu aliupata mjini Unguja, na sahani za santuri zilizoisambaza sauti yake zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Mhakiki atakayesimama Fumba peke yake atakuwa na mandhari nzuri bila taarabu. Mahali pa kuzaliwa ni swali la kwanza la mhakiki. Mara nyingi tunalitumia kama jibu la mwisho, kwa kuwa ni rahisi kulipata.

Hata hivyo sikuondoka nikiwa na kinyongo. Jumapili za kiangazi hufanyika tamasha ambapo mpiga piano hukaa ndani ya nyumba na wasikilizaji hukaa nje, bustanini. Muziki hutufikia kupitia madirisha yaliyo wazi; mpigaji haonekani vizuri, na vyumba havionekani kabisa. Kwa muda huo samani zisizo za familia, ukarabati na miti iliyopandwa baadaye havidai kuthibitisha chochote. Tulikuwa wageni tuliosimamishwa nje ya nyumba ya watu, tukisikiliza, kama yule kijana wa Szafarnia.