Amana Katika Kalibu

Kariakoo, mtaa ambao jina lake ni matamshi ya wenyeji ya jina la kikosi cha wapagazi kilichopigishwa kambi hapo na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, husifiwa kwa wingi wa bidhaa na kelele za wachuuzi. Lakini mimi, nilipokwenda huko na bangili iliyokatika ya marehemu mama, nimeifunga katika leso, nilikuwa namtafuta mtu wa kimya, na nilimpata katika chumba chembamba, sonara aliyeinama juu ya tupa yake.

Dada yangu hakuridhia. Kwake bangili ile ilikuwa amana ya kukaa sandukuni kama ilivyo, nami niliona kwamba pambo lisilovaliwa limekwisha kuzikwa, na kwamba binti zangu wawili wana haki ya kuvaa masikioni kile ambacho bibi yao alikivaa mkononi. Jambo hili si geni katika pwani yetu: zamani riale za fedha za Maria Theresa, zenye mwaka 1780, ziliyeyushwa zikawa vikuku na kekee, na mwanamke aliyesafiri jahazini kwenda kuolewa ugenini alichukua mwilini mahari yake, na katika mahari hayo kumbukumbu ya ahali yake.

Sonara aliipima bangili mbele yangu, akaisugua kwenye jiwe jeusi, akaudondoshea mchirizi wake tindikali, akaniambia ni karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu katika 24, zilizobaki ni shaba na fedha, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno, haistahimili kazi za nyumbani. Kisha akaelekeza ncha ya koleo mahali pamoja.

"Hapa palitiwa lehemu zamani, mzee wangu. Sina budi nipakate, pasije pakaichafua dhahabu."

Miaka yote sikujua kwamba bangili ile iliwahi kukatika kabla.

Akaitia katika kalibu pamoja na buraksi, akaielekezea moto, maana dhahabu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1000. Kwanza duara lililegea, kisha likaanguka, na sura niliyoijua tangu utotoni ikakusanyika kuwa tone moja lililotetemeka kama kiini cha yai; nakiri kwamba hapo nilimwelewa dada yangu.

Maduka ya jirani yamejaa dhahabu ya Dubai iliyopigwa kwa mashine, nami sikatai kwamba yang'aa, ila mashine haiulizi. Sonara yule aliniuliza nataka vipuli vya namna gani, nikasema maua ya asumini, kwa sababu penye kizingiti chetu palikuwa na mwasumini ambao mama aliuchuma kila alasiri kufanyia vikuba. Akauliza petali ngapi, nisijue. Nikampigia simu dada. Alinyamaza kitambo, ndipo akasema, "Sita. Na kikonyo chake kirefu, mwambie."

Nilipokwenda kuchukua vipuli, sonara alinipa pia, ndani ya kipande cha karatasi, kile alichokikata penye lehemu, kidogo kama punje ya mchele, kwani kwake hata vumbi la tupa lina mwenyewe. Hicho nilimpelekea dada yangu, akakitia sandukuni.