"Simba" ya Ndhiwa na Kipimo cha Kamusi

Mwaka 2022 Oxford English Dictionary ilitangaza maingizo karibu 200, mapya na yaliyorekebishwa, ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, miongoni mwao "sambaza", "nyama choma" na "asante sana". Wengi wetu tulifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake. Hata hivyo yafaa kuuliza: hiyo Afrika Mashariki iliyoingizwa kamusini ni ya nani?

Tuchukue mfano mmoja kutoka Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Katika Kijaluo, "simba" ni nyumba ya kijana wa kiume ambaye bado anaishi katika boma la babake. Hujengwa karibu na lango. Neno hili huvuka kutoka Kijaluo hadi Kiingereza cha wenyeji bila kutafsiriwa, kwa kuwa tafsiri yoyote hulipunguza. Ukisema "kibanda" umetaja jengo tu. Umeacha umri, cheo cha mwana katika ukoo, na kule kungoja siku atakapoondoka kwenda kuanzisha boma lake. Msomaji asiyejua Kijaluo, akikuta katika insha ya Kiingereza kwamba kijana alilala katika simba yake, atamwona mnyama.

Kasoro haiko katika neno bali katika kipimo. Kamusi ya namna hiyo husimama juu ya ushahidi wa maandishi. Kipimo hiki ni cha haki kwa kadiri kinavyozuia ubunifu wa mhariri. Lakini huyapendelea maneno ya magazeti na ya miji mikubwa. Neno linaloishi vinywani mwa watu wa wilaya moja husubiri mpaka apatikane wa kuliandika. Na mwandishi huyo atatoka wapi, ikiwa tangu shuleni neno lake limepigwa mstari mwekundu?

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapopaswa kujitazama. Sarufi yetu ina njia ambayo Kiingereza hakina: "simba wake" ni mnyama, "simba yake" ni nyumba. Ni kweli kwamba Kiswahili cha bara mara nyingi hulegeza upatanisho huo. Lakini katika maandishi sanifu tofauti hiyo yatosha kuondoa utata. Lugha imekwisha kulitayarishia neno hili ngeli. Lililobaki ni ridhaa ya wasanifishaji na walimu.

Si kila neno la mahali listahili kuitwa sanifu. Lakini neno linalotaja jambo ambalo lugha haina namna nyingine fupi ya kulitaja lina hoja nzito zaidi kuliko lile linalorudia tulilonalo. Kwa kipimo hicho, "simba" ya Ndhiwa yastahili nafasi kamusini, pamoja na alama ya mahali ilipotoka. Tukiwalaumu wahariri wa Oxford kwa kutoisikia Ndhiwa, nasi tuwe tumeisikia kwanza.