Tableti ya Tanga na mtoto wa vacation ya après-midi

Bandugu, double vacation tunaijua sisi wote. Kundi moja linasoma asubuhi, lingine nyuma ya midi. Mtoto wa après-midi anashinda mu kiwanja asubuhi yote, na yule wa asubuhi anashinda pale pale kuanzia midi mpaka wazazi warudi. Njo maana wazo linalozunguka kati yetu siku hizi limependwa haraka: tununue tableti, tuziweke mu salle moja, watoto wajifunze mbele ya masomo ao kisha masomo. Wanaolitetea wanaleta mfano wa Tanga, kule Tanzania. Mimi ninauchukua mfano huo, lakini tuusome mpaka mwisho.

Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 15, lilitafuta programu inayoweza kumufundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu mbele yake. Kwa miezi 15, mpaka mwanzo wa 2019, karibu watoto 3000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga waliingia mu jaribio, na programu zilizoshindana zilikuwa tano, zote mu Kiswahili. Mwezi wa 5 mwaka ule, milioni 10 ziligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School. Programu zote tano ziliachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua bure.

Kwa maoni yangu ile ya onebillion, onecourse, ni kazi safi. Sauti inamuongoza mtoto hatua kwa hatua, na hatua ni fupi. Akikosa anarudia, hakuna mtu wa kumucheka. Kwa mtoto anayekaa wa nne ku banc moja, kurudia bila haya si kitu kidogo. Tena haiombi intaneti, na sisi tunajua bei ya mega.

Sasa matokeo. Mbele ya jaribio, zaidi ya 90% ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Nyuma ya miezi 15, hesabu hiyo ilikatika katikati. Watetezi wanaishia pale, na makofi yanapigwa. Lakini ile nusu ingine iko wapi? Ni watoto waliokaa na tableti mwaka na robo na bado hawasomi neno. Hapo tena kulikuwa mitambo ya jua ya kuchajia mu vijiji, na PAM, UNESCO na serikali ya Tanzania nyuma yao. Sisi wa agronomie tunajua ugonjwa huu. Mbegu inatoa vizuri ku station ya Mulungu, kwenye kuna mbolea na mtu wa kupalilia. Unaipeleka ku shamba ya mama wa kilimani, inatoa nusu, kisha tunamulaumu mama.

Na watoto wa Tanga hawafanane na wetu. Karibu robo tatu yao walikuwa hawajasoma shule hata siku moja. Kwa hao, sauti ya tableti ilikuwa mwalimu wa kwanza. Mtoto wetu wa après-midi iko na mwalimu tayari. Kinachomukosa ni mtu mukubwa wa kumusikiliza akisoma, wa kumuuliza « juu ya nini unasema hivyo? » na kungojea jibu. Onecourse haiulize hivyo. Inajua kama kidole kimegusa pahali pa kweli, basi.

Kuna tena mambo ya namba, na hapa wengi wetu wanapita haraka. Mtoto wa Kadutu anasema Kiswahili siku nzima, lakini mukate anaununua cinq cents na ma-bille anayahesabu un, deux, trois. Programu iliyotengenezwa kwa Tanga inamwambia sita, saba, nane. Ku shule mwalimu atamuuliza huit. Bila mtu wa kumwambia kama nane njo huit, atajifunza vitu viwili visivyosalimiana.

Mfano unaotufaa zaidi uko Malawi. Programu za hesabu za onebillion hao hao, mu Kichewa, zilijaribiwa ku shule kwa wiki 8, nusu saa kwa siku, walimu wakiwa pale pale, na watoto waliendelea mu hesabu kupita wenzao. Matokeo yalitoka 2015. Angalieni dozi: nusu saa. Sisi tunazungumuza saa tatu za asubuhi nzima. Hizo saa mbili na nusu zinazobaki, mtoto anapashwa kusoma kwa sauti mbele ya mtu, kuchora, kuhesabu maharagi mu mikono, kucheza na kugombana na wenzake kidogo.

Na mtu wa kukaa naye tuko naye. Wangapi kati yetu wanaishi kwa kazi ya répétiteur, nyumba kwa nyumba, kwa dola chache ku mwezi? Nimesoma makadirio yaliyopitishwa mu groupe. Kuna tableti, kuna ma-casque, kuna panneau ya jua na kufuli mbili. Mstari wa kumulipa mtu atakayekaa na watoto haumo. Wenye kuyaandika watujibu juu ya mstari ule mbele hatujaanza kutoa cotisation.