Damu Kwanza, Mshipa Baadaye

Daktari wa upasuaji akikuta ateri ya moyo imebana, huifungulia mchepuko: anachukua mshipa wa mguuni, anaushona juu na chini ya palipobana, damu inapita pembeni. Kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ila mchepuko haubadilishi kinachopita ndani yake. Karibu na mshono, damu ikisuasua na kujizungusha badala ya kuteleza ukutani, ukuta wa mshipa mpya huanza kunenepa, na bomba jipya huweza kuziba kama lile la zamani.

Kanda ya Ziwa suala hili la bomba na kinachopita bombani linawahusu zaidi watoto. Malaria imeishi na watu wa mwambao wa ziwa, wilaya ya Magu ikiwemo, kwa vizazi vingi, na chembe ya urithi ya sikoseli ikaenea kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua sikoseli, na moja ya hatari zake kubwa ni kiharusi akiwa bado mdogo.

Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, iliendesha utafiti ulioitwa SPHERE kwa watoto 202 wa miaka 2 hadi 16. Kipimo chenyewe hakina sindano. Mtoto analala, anapakwa jeli mbele ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, ambako fuvu ni jembamba. Kifaa cha Dopla kinapeleka mawimbi ya sauti na kusoma kasi ya damu katika ateri za ubongo. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama. 170 hadi 199 ni ya kuangaliwa. 200 na kuendelea ni hatari.

Kwa nini kasi ipande? Sababu ni mbili, na mashine haisemi ni ipi. Ya kwanza ni mshipa uliobanwa na kovu ukutani mwake: kipenyo kikipungua nusu, kiasi kilekile cha damu lazima kipite kwa kasi mara nne, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole gumba. Ya pili ni damu yenyewe. Mtoto wa sikoseli ana upungufu wa damu. Chembe nyekundu ni chache, damu ni nyepesi, na moyo unaisukuma kwa wingi zaidi ili ubongo usikose oksijeni. Namba ileile ya 185 yaweza kuwa kovu ukutani au ukata wa chembe, au vyote viwili.

Marekani walishaonyesha mwaka 1998 kwamba kuongezewa damu kila mwezi hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Mwanza chupa hiyo ya kila mwezi ingegombewa na mama aliyetoka kujifungua na mtoto mwenye malaria. Isitoshe, damu ikiongezwa kupita kiasi huku chembe ngumu za sikoseli zikiwa bado nyingi, mnato hupanda, hasa kwenye mishipa midogo ambako mwendo ni wa taratibu.

Bugando walichagua kidonge. Waliokuwa na 170 au zaidi walianzishiwa haidroksiyurea, takriban miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha dozi ikapandishwa huku damu ikikaguliwa, maana dawa hiyo ikizidi huzima uboho. Inaongeza himoglobini ya mtoto wa tumboni, chembe hazipindi ovyo na zinaishi muda mrefu. Upungufu wa damu unapungua, moyo unapumua, na kasi kwenye ateri za ubongo ikashuka.

Kwangu hapo ndipo penye ufundi: walishika ile sababu inayoweza kurekebishwa kwa kidonge. Kovu lililokwisha kubana ateri halifutwi na haidroksiyurea, na mtoto mwenye kovu hilo bado atahitaji damu, au upasuaji. Mtoto wa Magu, aliye umbali wa safari ya basi kutoka Bugando kwa barabara ya Musoma, anahitaji kupimwa kabla kovu halijaota, na kwa hilo kifaa peke yake hakitoshi. Anatakiwa mtu aliyefunzwa kuitafuta ateri kwa sauti.